Mbwa Aliyepotea Ana Kwao

Mbwa hajui kwamba fataki ni shangwe. Zikilipuka usiku wa kuamkia mwaka mpya, hupenya chini ya geti na kukimbia mpaka mahali asipopajua. Kukipambazuka, makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Nairobi hupokea picha. Simba hajaonekana tangu saa sita usiku. Popi ana baka jeupe kifuani, akionekana tafadhali tupigieni. Mitaa miwili kutoka hapo, watu wanampita mbwa mchafu aliyejikunyata kando ya kioski, wanamwita koko, na watoto wanamrushia mawe.

Nawaandikia mnaofuga mbwa, na msiofuga pia, kwa sababu mara nyingi kinachomzuia Simba kurudi kwao ni simu ambayo haikupigwa, maana aliyemwona hakuwa na namba.

Dawa mojawapo ni chipu, kidude kidogo kama punje ya mchele. Daktari wa mifugo hukiingiza kwa sindano chini ya ngozi, katikati ya mabega, na mbwa hahitaji dawa ya usingizi. Hakina betri. Skana ikipitishwa karibu, mawimbi yake ya redio hukiamsha, nacho hutoa namba ya tarakimu 15. Basi. Jina lako halimo, simu yako haimo, wala hakionyeshi mbwa yuko wapi. Namba hiyo hupata maana pale tu inapokutanishwa na daftari la usajili lenye jina lako na simu inayopatikana.

Hapo ndipo penye kazi. Mwaka 2009, Linda Lord, daktari wa mifugo wa Ohio nchini Marekani, na wenzake walichapisha utafiti kutoka makao 53 ya wanyama. Kati ya mbwa wote waliookotwa, takriban asilimia 22 walirudi kwa wenyewe. Kati ya wenye chipu, walirudi zaidi ya asilimia 52. Hilo latosha kunishawishi. Lakini walipochunguza kwa nini wenyewe wengine hawakupatikana, sababu iliyoongoza ilikuwa namba za simu zenye makosa au zilizokwisha kukatwa. Chipu nyingine hazikuwa zimesajiliwa kabisa. Mbwa alikuwa mikononi mwa watu wema, skana imesoma, na upande wa pili hakuna wa kupokea.

Kwetu, ambako laini hubadilishwa kirahisi, jambo hili lina uzito zaidi. Tena chipu hutajwa sana mtu anapotaka kusafiri na mbwa wake, kwa kuwa nchi za Umoja wa Ulaya hazikubali chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotolewa kabla ya chipu. Lakini mbwa wa mtaa wa Buruburu asiyekwenda Ulaya naye hupotea.

Kwa hiyo naomba tuanze na lililo rahisi: mvike mbwa wako ukanda wa shingoni wenye namba yako, iliyoandikwa kwa wino usiofutika. Ukimpeleka kwa chanjo, mwulize daktari kuhusu chipu, kisha umwulize lile ambalo watu husahau: inasajiliwa wapi, na nikibadilisha laini namwambia nani? Usiondoke bila jibu.

Akipotea, nenda mwenyewe kwenye makao ya wanyama. Maelezo ya simu hayatoshi, maana mbwa wa kahawia wa kimo cha wastani ni wengi mno, na wewe ndiye utakayemtambua kwa macho. Chama cha kutetea wanyama cha KSPCA, kilichoanza mwaka 1910, kina makao yake Karen, Nairobi. Usipomkuta siku ya kwanza, rudi tena. Huenda akaokotwa wiki ya pili. Na kila anayerudi kwao humwachia nafasi mbwa ambaye kweli hana mtu.

Nawe uliyemwona mbwa mgeni mtaani, si lazima umguse. Wapo ambao dini au malezi yamewafunza kukaa mbali naye, na hilo naliheshimu. Picha iliyo wazi, mahali na saa, ukivituma kwenye kundi la mtaa na kwa daktari wa mifugo aliye karibu, umesaidia sana. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba. Na kama umemwokota ukampenda, apimwe kwa skana kabla hujampa jina jipya. Huenda analo tayari.

Madaktari wa mifugo, tafadhali mpitishieni skana kila mbwa mgeni, hata akiletwa kwa ajili ya minyoo tu. Kaunti nazo zisaidie madaftari ya usajili yasomane, ili namba iliyosomwa Thika imfikie mwenye mbwa aliye Kitengela.

Leo jioni toa kadi ya chanjo ya mbwa wako, utazame namba ya simu iliyoandikwa pale. Kama ni ya laini uliyoiacha, mpigie daktari kesho asubuhi aibadilishe.