Karani wa Mizani Apewe Usemi, Si Semina Tu

Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Oktoba, karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, huko Nachingwea au Ruangwa hupima mzigo, hukagua ubora na kuandika stakabadhi huku foleni ikirefuka. Mnada ukipita, wakulima humuuliza jambo moja: fedha zinaingia lini? Hana la kuwajibu. Bei imeamuliwa mnadani, mzigo uko ghala kuu, malipo yanapitia benki na chama kikuu, RUNALI. Lawama zote, hata hivyo, humkuta yeye mizanini.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya msongo huu ni kumjenga karani ajiamini. Wana hoja. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba anayeamini anaiweza kazi huikabili, asiyeamini huikwepa. Lakini Bandura huyohuyo alisema imani hiyo hutokana kwanza na kufanya jambo ukafanikiwa. Maneno ya kutia moyo yana nguvu ndogo zaidi. Karani atafanikiwaje katika jambo asiloruhusiwa kuliamua?

Miaka miwili baadaye, Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile inayodai mengi huku ikimnyima mtu nafasi ya kuamua. Utafiti wa Whitehall kwa watumishi wa serikali ya Uingereza nao ulihusisha kukosa usemi kazini na maradhi ya moyo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Ni kinga nzuri, lakini hata saa chache huchosha mno ukiwajibishwa kwa uamuzi wa wengine.

Bodi za vyama hivi zinaweza kuhofu kwamba karani mwenye mamlaka atachezea mizani. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa korosho ni jasho la mkulima. Ila mamlaka yaliyoandikwa, yenye mipaka, hukaguliwa kwa urahisi kuliko maagizo ya mdomo. Basi iandikwe kwamba karani anaweza kukataa korosho zenye unyevu bila kugeukwa kesho, na kusimamisha mapokezi ghala likijaa. Taarifa za malipo zibandikwe ubaoni mara zinapojulikana. Karani mpya aanze kazi chini ya mzoefu.

Semina ije baada ya hayo. Kumfundisha mtu kujiamini kabla ya kumpa usemi ni kumtwisha kosa la mpangilio ambao hakuuweka yeye.