Kwenye ligi hii Salah angepiga

Februari 6, 2022, Uwanja wa Olembe, Yaounde. Fainali ya AFCON imekwenda dakika 120 bila bao, Senegal na Misri zinaingia kwenye matuta. Misri imempanga Mohamed Salah awe mpigaji wa tano, yaani wa kumalizia kazi. Wenzake wawili wanakosa, Sadio Mane anaweka lake wavuni, 4-2, kombe linakwenda Dakar. Salah amesimama katikati ya uwanja, hajapiga. Mchezaji bora wa timu amemaliza fainali akiwa mtazamaji, sawa na wewe uliyekuwa kibanda umiza.

Ubishi wa usiku ule haujaisha mpaka leo. Angepiga wa kwanza? Wa tatu? Tunaurudisha kwa sababu upo mchezo mwingine ambao kanuni zake zina jibu la swali hilohilo: tegemeo lako unalipanga wapi, na utahakikishaje kwamba halibaki limesimama?

Mchezo wenyewe ni gemu za mapigano. Street Fighter, Tekken na ndugu zake, zile ambazo vijana wanashikia padi vibandani huku wenzao wakisubiri zamu ya gemu ya mpira. Tunajua kuna msomaji hapa ameshaanza kufungua ukurasa wa Simba na Yanga. Ndugu yetu, tupe dakika tano tu. Hizi ni habari za kupanga kikosi, na kwenye kupanga kikosi kila Mtanzania ni kocha.

Kwa kawaida gemu hizi ni za mtu mmoja mmoja. Mashindano yake makubwa yanayojulikana zaidi, Evo ya Marekani, yanachezwa hivyo: ukifungwa mara moja unashushwa upande wa waliopoteza, ukifungwa ya pili unafunga begi. Kwenye droo ya watu 64, watu 16 wanaondoka wakiwa wamecheza mechi mbili na kupoteza zote mbili. Haki imetendeka, hatulalamiki. Na ndiko zilikotoka hadithi kubwa za mchezo huu. Katika Evo ya 2004 kule California, Mjapani Daigo Umehara alikuwa amebakiwa na uhai mwembamba kama uzi, pigo moja tu hata la kuzuia lingemmaliza. Mmarekani Justin Wong akamwachia mapigo 15 mfululizo. Daigo akayapangua yote kwa kubonyeza kwa wakati sahihi, kisha akamgeuzia kibao na ukumbi ukalipuka. Hadi leo video ile inazunguka. Wanachosahau wengi ni kwamba Daigo hakuchukua ubingwa siku ile. Alipigwa fainali na Mjapani mwenzake.

Lakini shabiki wa mpira akikaa kutazama mtindo huo anakosa kitu. Jamaa yako akitolewa saa nne asubuhi, siku yako imekwisha. Hakuna wa kuingia kutoka benchi, hakuna kocha wa kumtukana, hakuna wa kusema "bado tuna fulani". Timu ndiyo inayompa shabiki sababu ya kubaki kwenye kiti.

Wajapani waliliona hilo zamani, enzi za kumbi za mashine za sarafu. Mashindano yao makubwa ya Tougeki, yaliyoanza 2003 na kufanyika mara ya mwisho 2012, yaliwapeleka watu jukwaani kwa timu kwenye gemu nyingi. Mtindo mmoja uliopendwa kule ni ule ambao kila mtoto wa uswahilini anaujua bila kufundishwa: anayefungwa anapisha, mshindi anabaki. Mchezaji wa kwanza wa timu A anakutana na wa kwanza wa timu B. Aliyeshinda anabaki kwenye kiti, aliyepoteza anampisha mwenzake. Timu itakayoishiwa watu ndiyo imefungwa. Kampuni ya SNK iliuweka mtindo huo ndani ya gemu yenyewe mwaka 1994 ilipotoa The King of Fighters, ambamo unachagua timu ya wapiganaji watatu na kuamua nani atangulie.

Ni mtindo wa mzuka, hatukatai. Ukiona timu imebakiwa na mtu mmoja dhidi ya watatu, na yule mmoja akaanza kuwaangusha, wa kwanza, wa pili, ukumbi mzima unasimama. Ni kama goli moja mnatoka pale uwanja wa mtaa, na nyinyi mmebaki wanne kwa sababu mmoja ameitwa na mama yake.

Ubaya wake ndio huohuo uzuri wake. Chukua timu yenye fundi mmoja na magarasa mawili. Tuseme fundi huyo anashinda mechi nane katika kila kumi dhidi ya yeyote. Uwezekano wa kuwapiga watatu mfululizo ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, karibu asilimia 51. Maana yake, hata wenzake wakilala usingizi, timu hiyo inashinda zaidi ya nusu ya mapambano yake. Sasa hao wawili wana kazi gani? Wamekuja kushika koti la fundi. Mnaiita timu, lakini ni mtu mmoja aliyesindikizwa.

Hapo ndipo ligi ya Street Fighter ya kampuni ya Capcom, iliyoanza 2019, inapotuvutia, hasa ile ya Japani kwa kanuni zake za misimu ya karibuni. Kila timu ina wachezaji wanne na pambano moja lina mechi tatu. Ya mtangulizi ina pointi 10. Ya kati ina pointi 10. Ya nahodha ina pointi 20 na ni ndefu zaidi: wawili wa mwanzo wanatafuta gemu mbili, manahodha wanatafuta tatu. Ikiwa 20 kwa 20, inachezwa mechi ya nyongeza.

Piga hesabu hiyo polepole, kwa sababu aliyeipanga alikuwa na akili. Timu ikishinda mechi mbili za mwanzo inaongoza 20-0 na bado haijashinda, kwa kuwa nahodha wa wapinzani anaweza kusawazisha. Kwa hiyo nahodha lazima acheze, na mechi yake haiwezi kuwa ya kukamilisha ratiba. Salah angepiga. Upande wa pili, nahodha hata awe hatari vipi, akishinda peke yake huku wenzake wamepoteza zote, alichopata ni sare. Anahitaji angalau mmoja wao alete pointi 10, la sivyo pambano linaamuliwa na nyongeza. Fundi kapewa uzito wake, na yule wa kati kapewa heshima yake.

Kuna na nyumbani na ugenini, ila si kwa maana ya uwanja na mashabiki. Timu ya ugenini inataja mpangilio wake kwanza: nani anatangulia, nani wa kati, nani nahodha, na kila mmoja atatumia mpiganaji gani. Timu ya nyumbani inausoma, inakaa kikao, ndipo inapanga wa kwake. Hebu fikiria kocha wa Simba anapewa orodha ya Yanga kabla hajaandika ya kwake. Faida yake ni kubwa, maana wapiganaji kwenye gemu hizi hawalingani. Zangief ni pande la mtu, mwanamieleka, akikushika umekwisha, lakini lazima akufikie. Guile anakaa mbali anakurushia makombora ya upepo, ukiruka anakupokea kwa teke. Zangief mbele ya Guile ni kama straika mrefu wa kupiga vichwa kwenye timu isiyo na winga wa kumimina krosi. Anaweza kushinda, ila atatoka jasho. Timu ya nyumbani ikiona Zangief kwenye orodha, inajua imtume nani. Na ya ugenini, ikijua itasomwa, inatafuta mtu anayemudu wapiganaji wengi au inamtoa kafara mtangulizi ili nahodha akutane na anayemtaka.

Ubishi wa hapo ni uleule wa baraza la kahawa siku ya dabi.

Sasa kuna wanaosema timu ni mapambo tu, bingwa wa kweli anapatikana mmoja kwa mmoja. Tuwapeleke Pakistan. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore, ambaye dunia ya Tekken ilikuwa haimjui, alichukua Evo ya Japani, kisha akachukua na ya Marekani mwaka huohuo. Wakubwa wa Korea Kusini na Japani walibaki midomo wazi. Arslan mwenyewe alisema kwao wapo wengine wenye nguvu kama yeye. Wengi walidhani ni unyenyekevu wa bingwa. Kisha Atif Butt, Mpakistani mwingine, akatwaa fainali za ziara ya dunia ya Tekken za msimu wa 2022. Na Julai 2023, kwenye kombe la mataifa la Tekken 7 kule Riyadh, Pakistan ikiwa na Arslan na Atif kikosini iliifunga Korea Kusini kwenye fainali. Mataji ya mtu mmoja yalituambia Pakistan ina fundi. Kombe la timu lilituambia Pakistan ina mchezo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mshabiki wa soka anayajua: Liberia ilikuwa na George Weah, mchezaji bora wa dunia wa 1995, na haikuwahi kucheza Kombe la Dunia.

Hapa ndipo tunapotaka kuwasemesha wanaoandaa mashindano ya gemu katika ukanda wetu. Vipaji vipo. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alitokea kwenye Tekken ya Nairobi akasajiliwa na timu ya nje, na jina lake linafahamika mbali. Lakini mashindano mengi tunayoletewa taarifa zake dawatini hapa ni ya aina moja: kiingilio, droo, mmoja mmoja, bingwa anapiga picha na hundi kubwa ya karatasi, tuonane mwakani. Kijana aliyefungwa mara mbili saa tano asubuhi amerudi na daladala na hatarudi tena. Bingwa naye anarudi kibandani kwake kucheza na walewale anaowafunga kila siku. Hakuna anayemfundisha mwenzake, kwa sababu mwenzake ni mpinzani wake kwenye droo ijayo.

Kwenye timu mambo yanageuka. Fundi wa kibanda ana sababu ya kumnoa dogo wa pembeni, maana pointi 10 za dogo ndizo zitakazomwepusha na sare. Dogo ana sababu ya kujifunza mpiganaji ambaye hakuna mwingine kibandani anayemtaka, kwa kuwa siku ya ugenini huenda ndiye atakayehitajika. Mwenye kibanda naye anapata jina la kutetea.

Tunajua gharama. Kusafirisha wanne si sawa na kusafirisha mmoja, na viza nne ni mateso mara nne. Wala hatuombi ligi ya taifa yenye wadhamini na jezi za kung'aa. Temeke kuna vibanda, Kinondoni kuna vibanda, Ilala vipo. Kila kibanda kitoe wanne, Jumamosi moja, televisheni mbili na padi zisizonata vitufe. Pointi 10, 10 na 20. Mwenyeji asome orodha ya mgeni kwanza, halafu mrudiane Jumamosi inayofuata kwenye kibanda cha wale wengine.

Sisi tutatuma mwandishi. Tunachoomba ni orodha za vikosi zitufikie mapema, ili wasomaji wetu wapate muda wa kuzipinga.