Maji ya Mpemba Bado Yanabishaniwa

Hadithi ya Erasto Mpemba tunaipenda kwa namna inavyoishia. Kijana wa sekondari anagundua kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, walimu wanamcheka, mtaalamu wa chuo kikuu anampa haki yake, na jina la Mtanzania linaingia katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima. Tatizo ni hilo neno anagundua. Kwa upande wa maji yenyewe, wataalamu hawajakubaliana mpaka leo kama jambo hilo lipo. Sisi tumekwisha kufunga kesi ambayo bado iko mahakamani, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba elimu ni hazina ya majibu, na kwamba swali lisilo na jibu ni aibu kwa aliyeliuliza.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inaelekea kwisha, naye akaingiza yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, huku ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yangali uji mzito. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Miaka michache baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Darasa likapata utani wa kudumu.

Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alikuja shuleni kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akamtupia swali lile lile. Wenzake walicheka. Osborne hakulikubali wala hakulikataa, aliahidi kulijaribu. Huko chuoni alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi alirudi na taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto yaliganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi.

Mimi huyu fundi namwona kuwa mtu muhimu kuliko wote katika kisa hiki. Jambo alikuwa ameliona kwa macho yake mwenyewe, lakini jibu lilikuwa limemtangulia maabara. Nasi tunaomshangilia Mpemba leo hatumzidi sana, maana tumegeuza tu upande wa jibu.

Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969. Tangu hapo maelezo yamemiminika. Wako wanaosema maji ya moto hupoteza ujazo kwa mvuke, hivyo yanayobaki kuganda ni machache. Wengine wanataja hewa iliyomo ndani ya maji, ambayo hutoka yakichemshwa. Wengine wanataja mzunguko wa maji ndani ya chombo, au tabia ya maji kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, yakaja majibu yapatayo 22,000. Mshindi alipatikana, ubishi haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa maana. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikiwekwa sentimita moja tu juu au chini ya mahali pake, kinaweza kukuonyesha maajabu yasiyokuwepo. Na kuganda kwenyewe ni kupi: barafu ya kwanza kuonekana, au chombo kizima kuwa jiwe? Nusu ya mabishano imejificha hapo.

Hata hivyo, mwaka 2020, watafiti wawili nchini Kanada waliona tabia kama hiyo waziwazi kwa vipunje vya kioo visivyoonekana kwa macho: vile vilivyoanza na joto kubwa viliwahi kupoa. Yaani swali la Magamba limezaa uwanja mzima wa utafiti, huku lenyewe likiwa halijajibiwa.

Atakuja mtu aseme: ukiwafundisha watoto kwamba wataalamu hawajui, unawafungulia mlango matapeli, wanaodai kwamba kila kitu ni siri na ufunguo wanao wao. Hofu hiyo naielewa, ila inapiga pasipo. Tapeli hasemi hajui hata siku moja. Biashara yake ingekufa. Katika suala la Mpemba tunaweza kuonyesha kwa kidole ujuzi unapokoma: mvuke tunaujua, nyuzi sifuri tunazijua, tusichokijua ni yanavyofanya kazi pamoja ndani ya chombo kimoja. Ujinga wenye mipaka namna hii haupatikani bila kusoma sana. (Kwenye mtihani wa taifa, najua, hauna alama.)

Shule yenye friza, vikombe viwili vinavyofanana na vipimajoto inaweza kulirudia jaribio wiki hii. Vikundi viwili vikileta matokeo yanayopingana, mwalimu asikimbilie kusema kipi kimekosea; aulize kwanza kila kipimajoto kilikaa wapi, na nani aliamua kwamba sasa yameganda.