Kulala ndani ya treni bila kuamka maskini

Likizo kubwa imefika. Masomo yamefungwa, na wengi kati yetu wanatayarisha mizigo ya kupanda treni kuelekea Bukama, Kamina, Kabalo, hata mpaka Kalemie, kutafuta samaki wa kukauka, mafuta ya mawese na ndagala za kuuza hapa Lubumbashi. Tunajua kwa nini tunakwenda. Mwezi wa tisa mtoto wa sekondari atadaiwa feza za masomo. Hata yule wa shule ya msingi ya serikali, ambaye halipi tena tangu 2019, atahitaji shati nyeupe, suruali ao sketi ya buluu, na madaftari. Feza ya safari hii ndiyo itanunua vitu hivyo. Kwa hiyo juma hili tuzungumze juu ya wezi.

Treni si kama basi la Kolwezi, ambalo unapanda asubuhi na kushuka siku ileile. Ndani ya treni tunaishi. Tunapika kwenye mbabula treni ikisimama, tunaogesha watoto, tunalala juu ya magunia yetu siku tatu, siku tano, na kama mashine imeharibika njiani, zaidi. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu wakati wa bibi zetu watu wamesafiri hivyo. Lakini ni nyumba isiyo na mlango. Siku ya pili jirani wa wagoni amekwisha kuwa dada, anakushikia mtoto, anakupa chumvi. Wengi ni watu wema kweli. Mwizi naye amekaa palepale, anakushikia mtoto vilevile, na anaangalia mkono wako unakwenda wapi ukitaka kununua mihogo dirishani.

Ndiyo sababu tunasema wizi wa treni unaanza kwa macho. Mwizi hana haja ya kupekua wagoni nzima; anangoja wewe mwenyewe umwonyeshe. Mama anayenunua ndizi ya franka 500 kwa kutoa furushi lote kifuani amekwisha kuonyesha. Na anayegusa kiuno kila mara treni ikitikisika ameonyesha pia, hata kama hakufungua kitu. Feza ya njiani iwe peke yake, kidogo, ndani ya kibeti kinachoonekana: chakula, maji, dawa ya mtoto, basi. Kikiisha, ongeza ukiwa chooni ao usiku chini ya kikwembe, si mbele ya watu. Kibeti hicho kina faida nyingine. Akitokea mtu mwenye kisu, mpe hicho, usibishane. Maisha yako hayana bei ya gunia la ndagala.

Feza kubwa ihesabiwe nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, na watoto wasiwepo. Sisi walimu tunawafundisha watoto kusema kweli, na wanajifunza vizuri kuliko tunavyofikiri: mgeni akimwuliza mtoto wa miaka mitano "mama anaweka wapi feza ya biskuti?", atajibu, na ataonyesha kwa kidole.

Mahali pa kuificha? Kila mama ana siri yake, na hatutaziandika zote hapa, maana gazeti hili linasomwa hata na wasio wanachama. Tuseme jambo moja tu ambalo wengi wanasahau. Sisi Wakongo tunajua dola iliyopasuka kidogo, hata alama ndogo pembeni, inakataliwa sokoni. Sasa mtu anakunja dola mara nane, anaishona ndani ya pindo la kikwembe, anatembea nayo siku nne katika jasho na joto. Mwizi hakuipata. Lakini siku ya kulipa samaki, mwuzaji anaitazama kwenye jua na kuirudisha. Mama amejiibia mwenyewe. Dola ziwekwe zikiwa zimenyooka, ndani ya plastiki isiyopitisha maji, kati ya vipande viwili vya karatasi ngumu, ndipo zishonwe. Na zisiwe mahali pamoja: sehemu mwilini, sehemu kwa mwenzako unayemwamini, sehemu ndani ya mzigo ambao hakuna anayeutamani. Nguo chafu za mtoto mchanga zinafaa sana.

Njia iliyo bora ni kubeba kidogo. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi katika miji mikubwa ya njia hii, na makato yake ni madogo ukilinganisha na kupoteza yote. Lakini uliza kwanza. Katika vituo vidogo mwenye kabini anaweza kuwa hana feza ya kukupa, ao mtandao hakuna, na treni haikungojei. Piga telefoni kwa mtu wa kule kabla ya kutuma. Halafu, tunaomba sana, namba ya siri isiandikwe kwenye karatasi iliyofichwa nyuma ya kifuniko cha telefoni. Kila mwizi anafungua hapo kwanza. Isiwe mwaka wa kuzaliwa kwako pia, kwa sababu mwaka huo umeandikwa kwenye kadi yako. Ukimpa mtu telefoni aichaji kwenye kituo, toa kadi ya SIM ubaki nayo. Kama telefoni imeibwa, tafuta mara moja telefoni ya mwenzako na uwaite watu wa mtandao wafunge namba. Usingoje kufika Kamina.

Juu ya kadi ya mchaguzi. Wengi wanalia feza na kusahau kadi, na kumbe ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku. Bila kadi hutarudishiwa namba yako kwa urahisi, na kila kizuizi njiani kitakuwa maneno na hasara. Kabla ya kuondoka piga nakala mbili, moja ibaki nyumbani. Kadi yenyewe isikae pamoja na feza, ili mwenye kuchukua kimoja asichukue vyote.

Usiku, wamama watatu ao wanne walale kwa zamu. Mmoja anakaa macho mpaka saa saba, mwingine mpaka asubuhi, na anayekesha akae upande wa dirisha. Hatari kubwa ni treni ikisimama gizani, na zaidi sana wakati inapoanza kutembea polepole: mkono unaingia dirishani, unavuta, na mwenye mkono anabaki chini huku wewe unakwenda. Mzigo mdogo ufungwe kwa kamba kwenye kiti ao kwenye gunia zito. Kinywaji cha mtu usiyemjua, hata kama ni juisi nzuri, mshukuru na usinywe.

Kwa mizigo ya kurudi, magunia yashonwe mdomo kwa uzi wa rangi yako mwenyewe, na jina liandikwe kwa rangi pande mbili. Uzi ukibadilika utajua gunia lilifunguliwa, na utajua kabla ya kushuka. Mwizi wa samaki hafungui mdomo kila mara. Anapasua chini kwa wembe na kuvuta kidogo kidogo, hivi upande wa chini uelekee ukuta. Kwenye bidoni za mafuta, yeyusha mshumaa juu ya kifuniko na uweke alama yako kabla haujakauka. Mafuta mengi yameongezwa maji njiani na mwenyewe akalaumiwa na wanunuzi wake.

Tumebakiza jambo gumu zaidi. Katika likelemba zetu ni kawaida kumtuma mwanamke mmoja na feza za wengi. Mama mmoja wa mtaa wetu alibeba feza za wanawake 12 kwenda kununua ndagala. Usiku mmoja mfuko ulikatwa akiwa amelala. Alirudi Lubumbashi na nguo alizovaa. Nusu ya wenzake walimwamini. Wengine walisema amekula feza na kukata mfuko mwenyewe. Aliuza mashine yake ya kushona kuwalipa kidogo, na mpaka leo kuna wawili wasiomsalimia. Hakuna anayeweza kuthibitisha lolote, na mtu asiye na hatia hana namna ya kujitetea. Mwizi alichukua feza, sawa, lakini urafiki wa wanawake 12 uliharibika kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza mapema: ikiibwa, hasara ni ya nani?

Wapo wanachama wanaosema aliyebeba alipe, maana anapata zawadi yake ya safari. Tunaelewa, ila hatukubali. Zawadi ile haiwezi kulipa hatari ya kulala siku tano na feza za watu kiunoni. Sisi tunaona hivi: wasafiri wawili, si mmoja, na asiwepo anayebeba zaidi ya nusu. Kiasi cha kila mmoja kiandikwe, pamoja na namna itakavyobebwa na kiasi kitakachotumwa kwa telefoni. Kama waliosafiri walifuata makubaliano na wizi ukatokea, hasara igawanywe kwa wote kulingana na walichotoa. Kama mmoja aliacha makubaliano, kwa mfano alibeba zote peke yake ao aliwaambia watu wasiohusika, hapo atachukua mzigo mkubwa zaidi. Wizi ukitokea, waliosafiri watoe habari kwa polisi wa kituo kinachofuata na kuomba karatasi, hata kama hawatumaini kupata kitu. Karatasi hiyo itawasaidia mbele ya wenzao. Na kijana yeyote asipigwe kwa sababu tu alikuwa karibu na dirisha.

Vikundi vinavyosafiri kabla ya mwisho wa mwezi vilete makubaliano yao Jumatano, nusu saa kabla ya mkutano. Wasiozoea kuandika waje tu na mashahidi wawili, tutawaandikia. Nakala moja itabaki kwa mtunza feza, nyingine itakwenda na wasafiri, ila bila kuandikwa mahali feza zilipofichwa.