Kifaransa Chuo Kikuu: Jawabu Letu kwa Mzazi



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mzee mmoja wa hapa kwetu Kirua Vunjo, mkulima wa kahawa na migomba, ambaye binti yake alikhitimu Kurani katika madrasa yetu kabla ya kwenda sekondari. Binti huyo amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na sasa ataka kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam asome Kifaransa, lugha yenyewe pamoja na fasihi na utamaduni wa wenyewe. Ami zake wamekataa. Mmoja amesema kwamba Kifaransa hakipalilii kihamba. Mwingine amesema kwamba mtoto akikaa miaka mitatu akisoma mila za Wafaransa, atarudi hana mtandio wala sala. Mzee akatuuliza: "Maalim, wewe ndiwe uliyemfundisha alifu. Je, nimruhusu au nimzuie?"

Siku ile hatukumjibu. Twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba suala hili si mara ya kwanza kutufikia. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja alituuliza hili hili, nasi tukamjibu upesi kuwa hiyo ni lugha ya makafiri, haina kheri ndani yake. Akatutii, akaacha. Hatukuwa na dalili yo yote; tulikuwa na ujinga uliovaa kilemba. Kisha Ijumaa moja wakaingia msikitini kwetu wageni walioshuka Mlimani, Waislamu waliozaliwa Ufaransa na wazazi wa Kialjeria. Tulisali nao safu moja, tukasalimiana, tukaitikia dua pamoja. Baada ya hapo hatukuwa na neno la kuambiana. Mmoja wao alitaka kutuuliza jambo, akajaribu mara tatu, mwisho akaweka mkono kifuani akatabasamu, akaenda zake. Hata leo hatujui alitaka kuuliza nini. Siku hiyo tulimkumbuka kijana yule, ambaye angaliweza kusimama kati yetu na ndugu zetu wale.

Basi safari hii tuliuliza kwanza. Elimu yetu sisi ni ya chuoni na shule ya msingi, na Kifaransa hatukijui. Tulishuka Moshi kwa kijana mmoja aliyemaliza shahada hiyo, tukakaa naye kutwa nzima, akatueleza kisomwacho. Yale ya dini tulirejea katika vitabu vyetu.

Alitufahamisha kwamba mwanafunzi husoma matamshi, sarufi, kufasiri kutoka lugha moja hata nyingine, na vitabu vya waandishi wa Ufaransa na wa Afrika. Lugha yenyewe ina ugumu wake. Sisi tuna ngeli zetu. Wao kila jina ni mume au mke, hata kisichokuwa na roho: kitabu kwao ni mume na meza ni mke. Sabini huisema sitini na kumi, na themanini huisema ishirini nne. Wanalo neno la kumwita mwenzio na neno jingine la kumwita mkubwa au mgeni, na mtu akiyachanganya huonekana hana adabu. Hili la adabu lilitupendeza, kwani nasi hatumsalimu mzee kama tumsalimuvyo rika letu.

Likatupendeza zaidi jambo jingine. Neno lao la tarakimu, chiffre, na neno letu sifuri yametoka katika asili moja ya Kiarabu. Ndivyo ilivyo kwa sucre yao na sukari yetu, na kwa café yao na kahawa yetu. Yule ami aliyesema kwamba Kifaransa hakipalilii kihamba hakujua kuwa yeye na Mfaransa huuita mmea ule ule kwa neno lenye asili moja.

Sasa tuitazame dini. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake. Lugha iliyo ishara ya Mwenyezi Mungu haiwezi kuwa najisi. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume wetu (s.a.w.) alimwamrisha Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili apate kuandikiana nao, na Zayd akayajua kabla ya kutimia nusu ya mwezi. Na Zayd huyo ndiye aliyekabidhiwa baadaye na Sayyidna Abubakar kazi ya kuikusanya Kurani. Kujua maandishi ya watu wengine hakukumpunguzia amana yake hata chembe.

Lakini ami wa pili hakuiogopa lugha tu, aliogopa mila. Hofu hiyo si upuuzi, nasi hatuwezi kuipita. Tuichukue kwa mifano miwili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali.

Wa karibu ni wa jirani zetu wa Kilema. Mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika lililotoka Ufaransa, walianza Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya mwanzo ya 1890 wakafanya makao Kilema. Husimuliwa kwamba mibuni ya kwanza ya huku mlimani ilipandwa kwao. Mmoja wa mapadri wa shirika hilo, Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na Bagamoyo, alijifunza Kiswahili kwa bidii isiyo na mfano. Alikusanya maneno ya miji ya pwani, lahaja kwa lahaja, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ikatolewa Paris mwaka 1939. Mtu huyu alizungukwa na Waislamu, akaandika maneno yetu ya sala, ya ndoa na ya mazishi, naye akaishi na kufa katika dini yake. Kwa nini? Kwa sababu aliingia katika lugha yetu akijua yeye ni nani. Basi ikiwa padri aliweza kuijua lugha ya Waislamu asiache ukristo wake, itakuwaje sisi tuseme kwamba binti aliyekhitimu Kurani hawezi kuijua lugha ya Wafaransa ila kwa kuuacha uislamu wake? Kusema hivyo ni kuidharau dini yetu, si kuihami.

Mfano wa mbali watoka Senegal. Mwislamu mmoja wa huko, Cheikh Hamidou Kane, alitoa mwaka 1961 riwaya kwa Kifaransa iitwayo L'Aventure ambiguë. Kijana wa Moshi alitusimulia, nasi tulinyamaza kimya, kwani tulijiona ndani yake. Ni habari ya mtoto Samba Diallo, kipenzi cha mwalimu wake wa Kurani, mzee mkali mwenye kumcha Mungu. Jamaa zake wakakubaliana atolewe chuoni apelekwe shule ya Wafaransa, kisha akaenda Paris kusoma falsafa. Huko akapotelewa na utamu wa ibada aliokuwa nao utotoni. Akarudi kwao, na kusali kukamwia vigumu, na mwisho wake ukawa mauti. Hatudai kwamba riwaya ni hukumu. Lakini mwandishi wake alikuwa Mwislamu aliyeijua njia hiyo, akatuonya wapi pana shimo.

Tukiiweka mifano hii pamoja twaona kwamba hatari haimo katika Kifaransa. Hatari ni kijana kuingia nyumba ya watu hali hana kwao. Mwenye kwao hutembea, akatazama, akachukua kilicho chema, akarejea. Asiye na kwao, kila nyumba nzuri aionayo huiona ndiyo yake.

Na nyumba hiyo si ya Wafaransa peke yao. Kifaransa leo ni lugha ya mamilioni ya Waislamu, toka Senegal na Mali hata Tunisia. Karibu zaidi ni ndugu zetu hasa: watu wa Buyenzi mjini Bujumbura, watu wa Kasongo katika Maniema, ambao husema Kiswahili nyumbani na kusoma Kifaransa shuleni. Visiwa vya Ngazija, vilivyopata uhuru mwaka 1975, vyatumia Kifaransa pamoja na Kingazija na Kiarabu. Na ni huko Itsandra alikozaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mkuu wa ilimu huko Unguja. Tena Mwislamu wa Hyderabad, Dokta Muhammad Hamidullah, aliyeishi Paris miaka mingi, ndiye aliyetoa mwaka 1959 tafsiri ya Kurani kwa Kifaransa. Lau wazee wake wangalimwambia kwamba lugha hiyo haina kheri, wangapi wangalikosa kuifahamu Kurani?

Imebaki kazi na chakula, maana mzee yule atauza kahawa ili binti asome. Hapa hatutaki kumdanganya mtu. Shahada ya Kifaransa si hawala ya benki. Wapo walioipata na bado watafuta kazi. Lakini milango ipo. Shule zenye somo hili zahitaji walimu. Wapanda mlima wasemao Kifaransa huja Marangu na Machame, na mwongozaji anayewafahamu huchaguliwa mbele ya wenzake. Arusha, ambayo si mbali nasi, palikuwa na mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyofanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa hata ilipofungwa mwaka 2015, na leo yapo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya hiyo walikikubali Kifaransa kuwa lugha ya Jumuiya pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 2022 Kongo ikaingia. Mwenye kukijua Kiswahili sawasawa na Kifaransa sawasawa ana bidhaa inayotakiwa. Mwenye kuvijua vyote viwili nusu nusu hana kitu.

Basi tulimwita mzee, pamoja na binti na ami zake wote wawili, tukawapa jawabu letu. Tulimwambia mzee: Mruhusu. Kisha tukamgeukia binti, tukamwambia mambo matatu. La kwanza, ashike sala tano na juzuu zake, na asipitishe siku bila kusoma japo robo ya hizbu, kwani hicho ndicho kwao. La pili, asiache Kiswahili, na ikimkinika achanganye na masomo ya ualimu, ili apate mlango wa pili ukifungwa wa kwanza. La tatu, asome habari za Wafaransa kwa macho mawili: aone elimu yao na bidii yao, na aone pia dhuluma waliyoitenda Aljeria hata mwaka 1962, na sheria yao ya mwaka 2004 iliyowakataza wasichana kuvaa mtandio katika shule za serikali. Sheria hiyo haihusu wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini yampasa aijue kabla ya kutamani kwenda huko.

Ami wa kwanza alikubali, akaahidi debe mbili za kahawa katika nauli. Ami wa pili hakukubali wala hakukataa. Alisema atangoja aone. Hatukumlaumu. Binti alituuliza jambo moja tu: "Maalim, wakija tena wageni wale, utaniita?" Tulimjibu kuwa tutamwita, naye atauliza lile lililotushinda.

Nasaha yetu kwa wazazi wenzetu ni hii: mtoto akitaka elimu msiyoijua, msimkataze kwa kuwa hamuijui. Ulizeni kwanza. Na kama hamna khofu juu ya kwao alikotoka, msiwe na khofu juu ya huko aendako. Kijana yule tuliyemzuia zamani yuko Himo, auza nguo, biashara ya halali, na hajatulaumu hata siku moja. Sisi ndio tunaojilaumu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na awafungulie vijana wetu milango ya kheri. Amin.