Wasifu Usiokuwa na Kazi

Filamu ya The Theory of Everything, iliyoongozwa na James Marsh mwaka 2014, husifiwa kwa kuwa inatia moyo. Sifa hiyo tunaipinga. Stephen Hawking alibainika mwaka 1963, akiwa na miaka 21, kuwa na maradhi ya neva yanayodhoofisha misuli; alifariki mwaka 2018. Katika miaka hiyo 55 alifikiri, akakokotoa, akabishana na wenzake. Filamu inatuonyesha nini? Hoja yake ya mwaka 1974, kwamba mashimo meusi hutoa mionzi, inachipuka pale anapokwama ndani ya sweta akiutazama moto. Jasho la akili limegeuzwa kuwa bahati. Eddie Redmayne alituzwa Oscar mwaka 2015 kwa kuuiga mwili huo, tena kwa ustadi, hilo hatulikani. Lakini lipo onyesho la kalamu: Hawking yumo ukumbini mbele ya hadhira, kalamu ya msikilizaji inaanguka, naye anajiona akiinuka kitini kwenda kuiokota. Yaani katika saa ya kunena, mwongozaji hamwachii tamaa nyingine ila miguu!

Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, aliandika juu ya mwanamke ambaye mahasidi waliikejeli sura yake. Uzito wa kitabu aliuweka katika sauti na uimbaji wake.

Mwanafunzi wa Kiirua anayesoma fizikia akiwa katika kiti cha magurudumu ataimaliza filamu hii akijua jinsi ya kuhurumiwa, pasipo kuona mlinganyo hata mmoja ukitatuliwa.