Kabla ya Banda, Daftari

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa,

Tangazo la msako wa mbwa sote tunalijua. Gari linapita mtaani na kipaza sauti, au mwenyekiti wa mtaa anasoma barua ya mtendaji wa kata: mwenye mbwa amfungie na kumchanja, atakayekutwa anazurura baada ya tarehe fulani atauawa. Siku mbili tatu risasi zinasikika alfajiri. Kisha kimya. Hatuambiwi mbwa wangapi waliuawa, wangapi kati yao walikuwa wameshachanjwa, risasi zilinunuliwa kwa fungu gani, mizoga ilifukiwa wapi. Haupiti muda mrefu, mbwa wako pale pale nyuma ya mabucha, na gari la matangazo linarudi.

Ninawaandikia kuomba tudai kwa pamoja kituo cha wanyama katika kila mmoja wa miji yetu miwili: mahali pa kupeleka mbwa, paka au punda aliyetupwa, aliyegongwa au aliyeng'ata mtu. Na tudai kituo hicho kiwe na daftari ambalo mwananchi yeyote anaweza kulifungua. Mkinilazimisha nichague kimoja, nitachukua daftari. Banda la wanyama lisilo na hesabu ni lile lile gari la alfajiri, ila limejengewa ukuta.

Najua maneno yatakayosemwa. Kituo cha mbwa ni mambo ya Wazungu, watu wenyewe hawajapata zahanati. Na wenzetu wa mikoa mingine wataongeza utani wao wa siku zote kuhusu Wahehe wa Iringa na mbwa, nasi tutacheka kama tulivyozoea. Lakini umma wetu umekuwa ukiwashika wanyama tangu zamani. Ng'ombe akiingia katika shamba la mahindi la mtu au akizurura mjini, mgambo humswaga hadi zizi la halmashauri. Mwenyewe akija analipa faini iliyowekwa na sheria ndogo, pamoja na gharama za malisho kwa siku alizokaa, ndipo anakabidhiwa mnyama wake. Zizi hilo lina mlango, lina mlinzi na linaingiza fedha. Kituo cha wanyama tunacho tayari, ila hatujawahi kukiita hivyo wala kukidai taarifa.

Mkoa wa Mbeya una kumbukumbu chungu katika jambo hili. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa katika bonde la Usangu, Mbarali, kwa nia ya kuokoa ardhioevu ya Ihefu na maji ya mto Ruaha Mkuu yanayokwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Nani hasa aliukausha mto ni ubishi wa siku nyingine. Nataka tukumbuke malalamiko ya hesabu: ng'ombe waliokamatwa, faini zilizotozwa kwa kila kichwa, wanyama waliokufa kwa njaa na kiu wakiwa wamezuiliwa au wakiwa njiani. Malalamiko yalifika mbali kiasi kwamba mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Othman Chande kuchunguza. Miaka 17 baadaye suala likazuka tena upande ule ule. Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha kutoa fedha za REGROW, mradi wa kukuza utalii na hifadhi za kusini uliokuwa wa dola milioni 150, baada ya wanavijiji wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha kulalamikia mambo mazito, ukiwemo ukamataji wa ng'ombe wao. Serikali ilikanusha tuhuma hizo. Kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa.

Sisemi mbwa wa Mwanjelwa ana uzito sawa na kundi la ng'ombe la familia nzima ya Mbarali. Swali ndilo lililo sawa. Mnyama akiwa mikononi mwa mamlaka, aliingia lini, alitoka lini, kwa amri ya nani, na fedha zilikwenda wapi? Jamii isiyoweza kulijibu swali hilo kwa mbwa mmoja, ambaye hana bei wala mtetezi, haitalijibu kwa ng'ombe 200.

Sheria haitukatazi, inatusukuma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inatambua kwamba mnyama ana hisia, inataka asiachwe katika njaa, kiu, maumivu na hofu, inaunda baraza la kumshauri Waziri, na inaweka wakaguzi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetibu mnyama awe amesajiliwa. Wataalamu nao hawako mbali. Iringa kuna maabara ya kanda ya Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA). Mbeya kuna Uyole, yenye historia ndefu ya utafiti wa mifugo. Kata nyingi zina afisa mifugo. Kinachokosekana ni mwananchi wa kuwauliza hawa wote, kwa mkutano na kwa maandishi, wamefanya nini mwaka huu.

Tuje kwenye hofu yenyewe, maana bila hofu ya kichaa cha mbwa hakuna msako. Hofu hiyo ni halali. Dalili zikishamtokea mtu, ugonjwa huu karibu daima humuua, na watoto ndio wanaong'atwa sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, vingi vikiwa Afrika na Asia, na karibu vyote vikitokana na mbwa. (Anayesoma hapa na ana mtoto nyumbani: aking'atwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.)

Risasi peke yake haziutokomezi ugonjwa huu. Kisiwani Bali, Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 2008. Mamlaka ziliua mbwa kwa makumi ya maelfu, na bado ugonjwa ukaenea kisiwa kizima. Ulianza kurudi nyuma pale kampeni ya chanjo ya kisiwa chote ilipofanyika. Sababu inaeleweka. Chakula kikibaki pale pale, utumbo uliotupwa nyuma ya bucha na pumba zilizomwagika sokoni, mbwa wengine watakuja kuchukua nafasi. Waliouawa walikuwa wenyeji, na baadhi yao walikuwa na chanjo mwilini. Wanaokuja ni wageni au watoto waliozaliwa juzi, wasio na kinga yoyote. Msako wa namna hiyo unapunguza ile kinga ambayo halmashauri hiyo hiyo iliinunua kwa fedha zetu.

Wanaotaka mfano wa nyumbani waangalie Pemba. Ni kisiwa ambacho mbwa si kipenzi cha wengi, na bado chanjo za mara kwa mara ziliutokomeza ugonjwa. Ulirudi mwaka 2016, ukakabiliwa tena kwa chanjo, na mwishoni mwa 2018 ukawa umeondoka. Lengo linalotajwa na wataalamu ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Hilo haliwezekani kama wenye mbwa wanaogopa kujitokeza, na wataogopa kama afisa wa chanjo na mpiga risasi wanatoka ofisi moja na hakuna anayejua leo amekuja yupi.

Sasa kituo chenyewe. Nisingependa tujenge kikubwa. Vizimba vichache vya karantini, vilivyo mbali na vingine, kwa ajili ya mbwa aliyeng'ata mtu: huyo huangaliwa siku 10, akibaki mzima mwathirika anapata ahueni ya moyo na daktari anajua la kufanya. Sehemu ya wagonjwa na majeruhi. Sehemu ya waliopotea wanaosubiri wenyewe, maana mbwa wengi tunaowaita koko wana kwao. Wanafunguliwa asubuhi na kurudi jioni kama wanafunzi. Chumba kisafi cha kuhasi madume na kufunga kizazi majike. Stoo, maji, uzio, na shimo la kufukia mizoga lililochimbwa mbali na kisima. Na paa la maana lenye nyasi kavu chini, kwa sababu baridi yetu ya Juni na Julai huua vitoto vya mbwa. Ramani ya banda iliyochorwa Dar es Salaam haitufai.

Daftari liwe na safu za kawaida: tarehe, mahali alipokamatwa, nani alimleta, hali yake, chanjo aliyopewa, na mwisho wake. Mwisho una njia nne tu: amerudi kwa mwenyewe, amepata mlezi mpya, amekufa, ameuawa kwa uamuzi wa daktari. Hiyo ya mwisho tusiionee aibu kuiandika. Mnyama aliyevunjika mgongo au mwenye kichaa hatapona, na kituo kinachojisifu kwamba hakiui kamwe huweza kuwaacha wafe polepole kwenye kizimba chenye msongamano. Nawaogopa wenye huruma isiyo na idadi kuliko ninavyowaogopa wasio na huruma. Wanapokea kila anayeletwa, vizimba vinajaa, ugonjwa unaingia, picha zinapelekwa kwa wafadhili, na mwishowe jirani analalamika harufu hadi polisi wanaitwa. Kwa hiyo idadi ya juu iandikwe mlangoni tangu siku ya kwanza. Anayeamuru mnyama auawe awe daktari aliyesajiliwa, aandike sababu na kusaini.

Kila mwezi jumla za daftari zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, pamoja na mapato na matumizi. Mkazi wa Soweto ya Mbeya asihitaji kwenda hadi ofisi ya mkurugenzi kujua, wala wa Kihesa, Iringa, asisubiri kikao cha baraza.

Kuhusu kamati ya usimamizi nina maoni makali kidogo. Daktari wa mifugo wa halmashauri awemo lakini asiwe mwenyekiti. Ndiye anayeendesha kazi, hawezi pia kuwa wa kujikagua. Awemo muuguzi anayechoma sindano za kichaa cha mbwa hospitalini, kwa kuwa yeye ndiye anayeona matokeo ya uzembe. Awemo mwalimu wa shule ya msingi, mwakilishi wa wenye mabucha, na watu wawili wanaoishi jirani kabisa na ukuta wa kituo, waliochaguliwa na mkutano wa mtaa na si kuteuliwa. Wawe na haki ya kuingia bila kutoa taarifa, hata Jumapili. Mjumbe asiwe muuzaji wa chakula, dawa au nyasi kwa kituo.

Kama kazi litapewa shirika lisilo la kiserikali, vizuri, yapo yenye uzoefu: TSPCA na TAWESO Dar es Salaam, Mbwa wa Africa kule Usa River. Kenya shirika la KSPCA linatajwa kuwapo tangu mwaka 1910, na Uganda lipo la Kampala tangu 1996, kwa hiyo hatuanzi gizani. Lakini shirika hulazimika kupeleka kila mwaka taarifa ya kazi na hesabu kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na mkataba wake na halmashauri useme wazi kwamba nakala ya taarifa hiyo itasomwa pia kwa Kiswahili mbele ya wananchi wa kata. Mfadhili wa ng'ambo anaona picha za wanyama. Harufu tunainusa sisi.

Fedha? Za risasi, mafuta ya gari la matangazo na posho za msako zinapatikana kila inapohitajika. Tuombe tuonyeshwe fungu lake, huo uwe mwanzo. Faini za zizi ziongezwe hapo. Wenye mabucha wapeleke utumbo na mifupa kituoni badala ya kuvitupa, jambo ambalo peke yake litapunguza mbwa wa sokoni kuliko msako wowote. Na mwenye mbwa atoe ada ndogo ya usajili, mradi siku hiyo hiyo mbwa wake achanjwe na apewe alama ya shingoni.

Sehemu yetu ni ya kawaida. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tuwapeleke mbwa wetu wote kwenye chanjo, na tusimwachie mtoto wa miaka minane kumvuta kwa kamba ya katani mbwa asiyezoea kufungwa. Tusitupe vitoto vya mbwa kwenye mifuko ya sandarusi kando ya barabara kuu ya Tunduma wala Ipogolo. Na tuwahi. Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na mipango yake huchambuliwa miezi mingi kabla. Ombi likifika Mei linakuta meza imeshafutwa.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa mtaa wako, iwe Iyunga, Uyole, Mwangata au Mtwivila, nyosha mkono wakati wa mengineyo na uombe yaandikwe kwenye muhtasari maswali haya, yapelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwa diwani, yajibiwe kwa maandishi: Msako wa mwisho wa mbwa uligharimu shilingi ngapi? Mbwa wangapi waliuawa na wangapi walichanjwa mwaka huo? Zizi la halmashauri liliingiza kiasi gani, na mifugo mingapi ilifia humo? Ni eneo gani la halmashauri linaweza kutengwa kwa ajili ya kituo, na wananchi watachagua lini wajumbe wao wawili? Katibu wa mkutano akishaandika, mwombe asome alichoandika kabla mkutano haujafungwa.